Samaki wa Dirishani

Mambo yaliharibika Jumapili, tarehe kumi na saba Novemba, saa sita na nusu mchana, kwenye kilomita ya ishirini na tisa. Hapo ndipo Wakisaka Mitsuo alipokaa chini katikati ya njia ya mbio, kando ya Mto Yodo, kama mtu aliyefika mlangoni kwake na sasa anavua viatu. Hakuanguka. Alikaa. Pumzi zilikuwepo, nia ilikuwepo, ila mwili ulikuwa umekataa amri. Wakimbiaji wakawa wanamkwepa huku na huku, wakimwambia pole, jikaze, tumekaribia.

Asubuhi ile mizani ilimwonyesha kilo sabini na moja. Mwezi wa tano alikuwa na themanini na tatu. Alitoka nyumbani akijiona kijana wa miaka thelathini na si mjane wa hamsini na nne, kavaa fulana mpya ya rangi ya machungwa iliyomkaa sawa kifuani, soksi nyeupe, kofia ya marehemu mkewe ambayo sasa ndiyo iliyokuwa nzito kuliko vyote. Tumboni mlikuwa na chai na vipande vitatu vya konyaku, ule mrenda mgumu wa kiazi unaojaza tumbo bila kulilisha.

Lilikuja basi la kuokota walioshindwa. Lina kila kitu basi lile: blanketi, maji ya sukari, na watu wasiotazamana. Wakisaka akapewa kiti cha dirishani. Simu yake ikatetemeka, na kwenye kioo likatokea jina la Shiomi, mshauri wake wa lishe. Alifurahi kuliona. Alitaka kwanza anywe kidogo, apate sauti, ndipo apokee, asije akamtisha mwanamke wa watu.

Kabla hajamaliza kunywa, jirani yake wa kiti akaanza maongezi. Alikuwa mtu mnene mchangamfu aitwaye Doi, na walipoulizana kazi ikaonekana wote wawili ni wa kampuni moja, Hamaji, wale wa maghala ya barafu, ila Doi yuko ghala la Sakai. Wakachekana kidogo. Doi akauliza kama na yeye amewekwa kwenye ule mpango wa kupunguza tumbo. Wakisaka akasema ndiyo, akaongeza kwa majivuno kwamba mshauri wake humpigia mara mbili kwa wiki.

"Wanapiga, watakosaje kupiga," Doi akasema huku akijikuna goti. "Mimi wangu aliniambia wazi. Ukipungua kilo mbili na sentimita mbili za kiuno, yeye anaandikiwa pointi zake mia na themanini. Asipozipata, mkataba hauongezwi. Wewe unadhani wanatupenda, mzee?"

Simu ilitetemeka tena mkononi mwa Wakisaka. Safari hii aliigeuza kifudifudi.

Ili kuelewa kwa nini maneno ya mtu mnene ndani ya basi yamwumize kiasi kile, inabidi kurudi mwezi wa tano, siku ya kupimwa afya kazini.

Siku hiyo watu wa ghala hupangwa foleni kama maboksi, wanapandisha fulana, na mpimaji anawazungushia utepe usawa wa kitovu. Mwanaume akivuka sentimita themanini na tano, jina lake linaandikwa. Ni nani aliyekaa kitako akaamua kwamba mwenye themanini na nne ni mzima na mwenye themanini na sita ni wa kushauriwa, Wakisaka hakuwahi kuambiwa. Alichojua ni kwamba mkubwa huyo hajawahi kupanga kamba waliogandishwa kwenye baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, akatoka huko mikono imekufa ganzi, halafu akaambiwa ale majani. Meneja wao, Kajitani, yeye alipimiwa ofisini, mlango umefungwa, akatoka na themanini na nne na nusu. Tumbo la Kajitani huingia kantini, ndipo Kajitani anafuata. Lakini karatasi ikishaandikwa, imeandikwa.

Wakisaka alikuwa na tisini na mbili. Akaambiwa aende kantini, saa ya chakula cha mchana, trei zinagongana, watu wanaitana, washauri watano wamekaa kwenye meza tano. Kadi yake ilisema meza ya tatu. Meza ya tatu kulikuwa na kijana mwenye foleni ya watu wanane. Kwenye meza ya tano mtu alikuwa ametoka tu kuinuka, na mwanamke aliyekaa pale akamwita kwa mkono, kama anayemwonea huruma kusimama. Akaenda.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini, koti la kijivu lisilo na mkunjo, nywele zimekatwa shingoni, na mkononi saa ya wakimbiaji yenye mkanda uliochakaa. Ni ule mkanda uliomfanya Wakisaka akae vizuri kwenye kiti. Wakisaka mwenyewe alikuwa mkimbiaji, si wa medali, ni wa asubuhi za Jumamosi kando ya mto. Mwaka uliopita lango la kilomita ya thelathini na tano, lile linalowazuia waliochelewa, lilifungwa mbele ya pua yake.

Alisema anaitwa Shiomi Hatsue, mtaalamu wa lishe. Halafu akamuuliza jana jioni alikula nini.

Swali dogo hivyo. Lakini Nobuko, mkewe, alikuwa na miaka sita chini ya jiwe, baada ya daktari kumwambia kwa miezi minne kwamba uchovu ni wa umri tu, arudi akapumzike. Tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyetaka kujua Wakisaka amekula nini. Akajikuta anasema kweli: tambi za kikombe, amesimama kwenye sinki.

"Umesimama kama farasi?" Shiomi akauliza.

"Kama farasi."

"Basi tuanzie hapo. Wiki hii kula unachotaka, ila ukae."

Ndivyo ilivyoanza. Utaratibu ni kwamba baada ya kikao cha kwanza mshauri humpigia mteja kila wiki mbili, kwa miezi sita, mpaka faili lifungwe tarehe thelathini Novemba. Simu ya kwanza ilichukua dakika tano. Ya pili kumi na mbili. Kufikia Juni Wakisaka alikuwa akijinyoa ndevu kabla ya simu kulia, na akijicheka mwenyewe mbele ya kioo.

Shiomi alimfundisha taratibu, bila kumhubiria. Kwamba mtu anayekimbia hapunguzi mwili kwa kujinyima wali; wali ndio kuni zake, apunguze bia na vya kukaangwa. Kwamba siku ya kukimbia mbali ale kabla, na akirudi ale ndani ya nusu saa, mayai, tofu, samaki, chochote chenye nguvu ya kujenga misuli. Kwamba nusu kilo kwa wiki inatosha, zaidi ya hapo mwili unaanza kujila. Siku moja Wakisaka alimpigia akiwa na furaha, amepungua kilo moja na nusu kwa asubuhi moja tu. Shiomi akamuuliza kama alikunywa maji baada ya kukimbia. Akasema bado. "Basi hujapungua mafuta, Wakisaka-san, umepungua jasho. Nenda kanywe, halafu hizo kilo zako zirudi nyumbani." Wakacheka pamoja mpaka akasikia mtu wa meza ya jirani ofisini kwao akikohoa.

Mwezi wa saba alifika themanini na nusu, kiuno tisini kasoro kidogo. Aliposoma hesabu hiyo kwenye simu, Shiomi alicheka kicheko cha peke yake, kirefu, cha mtu aliyesahau yuko kazini. Kicheko kile ndicho kilichomponza Wakisaka. Alitaka kukisikia tena. Kuanzia hapo kila nusu kilo ikawa ni shada la maua analompelekea, na mwanaume mwenye mashada ya kupeleka hana muda wa kula.

Agosti Shiomi alimpa namba nyingine ya simu, akamwambia atumie hiyo. Akawa anapiga mara mbili kwa wiki, jioni, bila zile kelele za ofisi nyuma yake. Waliongea mambo mengine sasa: talaka yake ya zamani huko Amagasaki, paka wa jirani, joto. Lakini Wakisaka akitaja kilo, yeye hakucheka tena. Septemba, kwenye sabini na saba, alisema inatosha sasa. Oktoba alisema wiki tatu za mwisho kabla ya mbio asipungue hata gramu, ale wali, alale mapema. Wakisaka akadhani ni adabu tu. Mwanamke akikuambia usijisumbue kuleta zawadi, hamaanishi usilete.

Tena, tangu mwanzoni mwa Septemba, Shiomi alikuwa ameanza kutaka picha za chakula chake cha jioni.

Karibu na stesheni kuna mgahawa mdogo wa Masutani, na kama migahawa mingi ya kwao una dirisha la kioo lililopangwa sahani za vyakula bandia vya plastiki kuonyesha vinavyouzwa ndani. Kuna nyama, kuna tambi, kuna sahani ya samaki wa kuchoma, wali umejaa bakuli, supu ya miso na kipande cha limau pembeni. Ukiipiga picha kwa karibu huwezi kutofautisha. Wakisaka aliinama pale jioni, akapiga, akaituma, akaenda nyumbani kutafuna konyaku. Ilifanya kazi. Akarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa ndani ya basi la walioshindwa. Kwake, marathoni ilikuwa jambo dogo. Alichokuwa nacho maishani ni mtu mmoja anayemuuliza amekula nini, na sasa alitaka kujua jambo moja tu: je, mtu huyo alikuwa akimuuliza yeye, au alikuwa akiuliza pointi?

Hakumuuliza. Wanaume wa aina yake wakiumizwa hawaulizi, wananyamaza. Simu za Shiomi zilifika kumi na moja, zote zikalia mpaka zikachoka. Siku ya tatu Wakisaka alifanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Alipiga namba ya ofisi iliyoko kwenye ile kadi ya kantini, akajibiwa na msimamizi aitwaye Togashi, akamwambia wamzuie mtu wao Shiomi kumsumbua kwenye ile namba nyingine. Togashi akauliza, kwa upole sana, ni namba ipi hiyo nyingine. Wakisaka akamsomea.

Halafu akaanza kula. Alikula kwa hasira. Alidhamiria kwamba tarehe thelathini, faili likifungwa, awe amezirudisha kilo zote kumi na mbili, zile pointi mia na themanini ziwatokee puani. Kila siku saa tano alikuwa kwa Masutani, anaagiza bakuli la wali lenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, anaongeza la pili. Masutani mwenyewe, mzee mkavu asiye na maneno, alimuuliza siku ya nne kama ana ugomvi na nguruwe. Siku kumi nzima alikula hivyo, na mizani ikamwonyesha sabini na tano, na katika kilo hizo nne alizoongeza nyingine zilikuwa maji tu. Hata kunenepa kwa chuki kunataka muda.

Jumamosi, tarehe thelathini, alipofika kwa Masutani palikuwa na mwanamke amesimama mbele ya dirisha, kainama, anatazama sahani ya samaki. Koti la kijani cha kuvu, skafu ya njano, viatu vya kukimbilia. Wakisaka alikuwa amemwona mara moja tu maishani, kwa dakika ishirini, lakini aliujua mkanda wa saa.

Alitaka kugeuka. Shiomi akasema bila kuinua kichwa, "Limau."

"Limau nini?"

"Sahani tisa ulinitumia. Limau liko pale pale mara tisa, na mara mbili naliona koti lako kwenye kioo." Akasimama wima sasa, akamtazama. "Juzi nimepita madirisha yote kuanzia daraja la Nagara mpaka hapa. Huyu ndiye samaki wako."

Aibu ilimpanda Wakisaka hadi masikioni, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi, akaigeuza kuwa hasira. Akamwambia kwamba na yeye asijifanye, pointi zake mia na themanini amezipata kwa tumbo la mtu mwingine. Akamwambia habari za Doi, na za mkataba. Alisema maneno mengi, na watu wawili waliokuwa wanataka kuingia mgahawani wakaamua kwenda kwingine.

Shiomi alimwacha amalize.

"Zilitimia mwezi wa saba," akasema. "Zile kilo mbili na sentimita mbili. Siku ile nilipocheka, umesahau? Kuanzia hapo faili lako lilikuwa tayari, lilibaki kuandikwa vipimo vya mwisho. Kanuni zilinitaka nikupigie kila wiki mbili, dakika tano, basi. Zilizobaki zote nilikupigia nikiwa jikoni kwangu, kwa simu yangu mwenyewe. Hakuna wa kunipa pointi kwa paka wa jirani."

Wakisaka akageuka kumtazama samaki wa dirishani.

"Na nikwambie na la pili, uwe na haki ya kukasirika vizuri. Samaki nilimjua tangu picha ya tatu. Septemba ile."

"Ulijua?"

"Nilijua huli. Nilisikia hata kwenye sauti, ilikuwa imekauka. Ningekuambia umenidanganya, ungeona haya, usingepokea tena. Nikabaki kusema kula wali, kula wali, kama kasuku." Aliikaza skafu shingoni. "Nimesomea kazi hii. Nilipaswa kuchagua tumbo lako. Nikachagua simu iendelee."

"Kwa hiyo uliniacha nikimbie kilomita ishirini na tisa na samaki wa plastiki."

"Ndiyo."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Ikawa Wakisaka ndiye anayetafuta la kumtetea. Akauliza siku ya mbio alikuwa wapi alipokuwa anapiga. Shiomi akasema alikuwa kilomita ya thelathini na tano, pale langoni, na matonge mawili ya wali yenye chumvi kwenye mfuko, maana alijua hatakuwa amekula. Alisubiri mpaka wakatoa vizuizi na magari yakaanza kupita. Matonge aliyala mwenyewe kwenye treni, akiwa amesimama.

"Kama farasi," Wakisaka akasema.

"Nyamaza wewe."

Masutani akatoa kichwa mlangoni, akauliza kwa sauti yake kavu kama wanakula au wanalinda dirisha. Wakaingia.

Waliagiza samaki, sahani mbili. Ilipokuja, Wakisaka aliitazama yake kwa makini. Samaki wa kweli alikuwa mdogo kuliko wa dirishani na ngozi imeungua upande mmoja, lakini alikuwa anatoa mvuke, na mafuta yake yalikuwa yanalia bado. Shiomi alikula kama mtu aliyetoka safari, hakuacha hata punje. Alipomaliza alimwambia, kikazi kidogo, kwamba sabini na tano ni uzito mzuri kwake, abaki hapo, na kama anataka mbio za Machi wataanza upya polepole. Alisema tutaanza, hakusema utaanza. Wakisaka alilisikia neno hilo na kuliacha lipite, asilishtue.

Kisha akakumbuka. Vijiti vya kulia vikabaki hewani. Akamwambia alichofanya siku ile ya tatu: Togashi, namba, yote.

"Najua," Shiomi akasema. "Jumatano niliitwa. Kupiga simu nje ya ofisi kwa mteja ni kosa la kufukuzwa, liko kwenye ukurasa wa kwanza. Wamenikalisha watu watatu, mmoja alikuwa anakula keki." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. Akaeleza kwamba wanawake kumi na wanne wa mikataba wanapiga simu mia mbili kwa siku, na aliyebuni mpango huo hajawahi kumuuliza hata mmoja wao hali. Yeye ana miaka kumi na moja pale. Ila wakubwa wana kipengele chao kidogo: kama mtu ni wa nyumbani kwako, ndugu au mchumba, si kosa, unakabidhi faili kwa mwingine, unabaki na kazi. Togashi si mbaya. Amempa mpaka leo saa sita amwambie aandike nini kwenye fomu.

Wakisaka akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili.

"Nitamwambia mimi," akasema haraka. "Nitasema mchumba. Nilikuharibia mimi, wacha nitengeneze."

"Hapana." Shiomi aliweka vijiti sambamba juu ya bakuli tupu. "Kunilipa fidia sitaki. Nikitaka kusema uongo kwa Togashi, najua kusema mwenyewe, sihitaji mwanaume."

"Mimi sijasema ni uongo."

Aliyasikia maneno yake yalipokwisha kutoka. Masutani, aliyekuwa anafuta meza ya jirani, aliendelea kuifuta mahali pale pale. Nje treni ilipita juu ya reli na vioo vikatikisika. Wakisaka alikuwa na miaka sita ya kula amesimama, alikuwa na nyumba yenye chumba cha pili ambacho mlango wake haujafunguliwa tangu msiba, na hakujua kama mtu mwenye vitu hivyo anaruhusiwa kuomba.

Simu ya Shiomi ikaanza kulia mezani, kati ya sahani mbili za mifupa. Aliiacha ilie mara tatu. Akapokea, akasikiliza, akasema ndiyo, yuko hapa mbele yangu, nisubirie kidogo. Akaiwekea kiganja juu, asisikie wa upande wa pili, akamwinamia Wakisaka, na kwa ile sauti ya simu za jioni zote zile akamuuliza:

"Kuna kisanduku kimoja tu hajakijaza. Nimwambie wewe ni nani wangu?"